Mkishonea watoto njiti, anzeni na mama

Kikundi cha ushonaji kinapoamua kutoa kazi ya mikono yake kwa wodi ya watoto njiti, kitu cha kwanza kinachotajwa kikaoni ni kofia. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Kofia haili kitambaa, na hata aliyejifunza kushika cherehani mwezi uliopita anaweza kuikamilisha kabla ya adhuhuri. Ifikapo tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, kofia za zambarau hupelekwa hospitalini mafungu kwa mafungu, na wanaozipeleka wanatoa kwa moyo. Moyo huo hauna kasoro. Hata hivyo mwongozo huu unawashauri mpange kazi kwa namna nyingine: kofia iwe ya mwisho katika orodha yenu, na mbele yake mweke vitu vinavyomwezesha mama kukaa na mtoto kifuani saa nyingi zaidi kwa siku, yaani kitambaa cha kumfungia, gauni linalofunguka mbele, na nepi ya kipimo chake. Ushauri huu unatokana na yale yanayojulikana sasa kuhusu kinachomwokoa mtoto njiti, na ukishayapima mwenyewe utaona kwamba yanabadilisha hata namna ya kukata kitambaa.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni haba, na mwili wake mdogo unapoteza joto kwa kasi kuliko unavyoweza kulitengeneza. Joto la mwili linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5; likishuka, mtoto hutumia nguvu kidogo alizo nazo kujipasha badala ya kunyonya na kukua, na maambukizi humkuta amedhoofika. Kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wachanga, na vifo hivyo havijawa historia kwetu: takwimu za utafiti wa afya wa mwaka 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kufikisha mwezi mmoja, na Kenya 21. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alikabiliwa na upungufu wa mashine za kuwapasha watoto joto, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huo ndio mwanzo wa huduma ya mama kangaroo. Kwa miaka mingi ilionekana kama njia ya maskini, ya kutumiwa pale mashine zinapokosekana. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa kila mtoto njiti au mwenye uzito mdogo, kuanzia saa nane hadi 24 kwa siku, na ianze mapema kadiri inavyowezekana.

Ushahidi uliokuja kusukuma mapendekezo hayo una sehemu yake Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukahusisha watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilianza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. La pili lilipata huduma ya kawaida na kubebwa baada ya hali kutulia. Katika siku 28 za kwanza, walifariki asilimia 12.0 ya watoto wa kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya wa kundi la pili, na tofauti hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kwa mshonaji, namba ya kuikazia macho ni nyingine. Wakiwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani wastani wa karibu saa 17 kwa siku, na wa kundi la pili karibu saa moja na nusu. Wodi za kundi la kwanza zilipangwa upya ili mama alale humo humo na mtoto. Kwa maneno mengine, kilichobadilishwa ni saa za kifuani, na chochote mtakachoshona kipimwe kwa swali hilo: je, kinaongeza saa?

Sasa turudi kwenye kofia. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine, safari hii wa watoto 300 wenye uzito mdogo katika hospitali za Ethiopia, Msumbiji na Uganda. Wote walikuwa katika huduma ya kangaroo; nusu walivalishwa kofia ya sufu na nusu hawakuvalishwa. Watoto wenye kofia walikuwa na joto linalotakiwa kwa takriban asilimia 55 ya muda, na wasio na kofia kwa takriban asilimia 56. Kofia haikuwadhuru, ila haikuonyesha faida ya joto pale kifua cha mama kilipokuwa kinafanya kazi. Jambo la kuhuzunisha katika namba hizo ni jingine kabisa: hata wakiwa katika huduma hiyo, karibu nusu ya muda watoto hawakuwa na joto linalofaa. Pengo hilo halizibwi na kofia ya pili, hata iwe nzuri namna gani.

Ili kujua linazibwa na nini, fikirini siku ya mama aliyelazwa na mtoto wa kilo moja na nusu. Amejifungua juzi, pengine kwa upasuaji. Kanga aliyomfungia mtoto imeloa maziwa na mkojo, na ya pili ndiyo amevaa, kwa hiyo akifua inabidi mtoto alazwe pembeni mpaka ikauke. Gauni lake linafunguka shingoni tu, hivyo kumtoa na kumrudisha mtoto kunamlazimu ajifunue mbele ya wageni wa kitanda cha jirani, na kwa haya anangoja waondoke. Nepi aliyopewa ni ya mtoto aliyetimiza miezi yake. Imemfunika njiti huyu kutoka mapajani hadi kifuani, kiasi kwamba pale ilipotakiwa ngozi pana kitambaa. Akichoka, hakuna wa kumpokea, kwa sababu bibi na baba wa mtoto hawajui kwamba nao wanaweza kumbeba vivyo hivyo, na hakuna kitambaa cha kutosha kifua cha baba. Kila kikwazo hapo kinakula saa, na kila kimoja kina dawa inayopita chini ya sindano ya cherehani.

Kitambaa cha kufungia ndicho cha kwanza. Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulielekeza kipande laini cha mraba, karibu mita moja kila upande, kikunjwe pembe kwa pembe na kufungwa kwa fundo salama au kuchomekwa chini ya kwapa. Kipimeni hicho kabla ya kukata jora zima. Mraba wa mita moja ukikunjwa hivyo una urefu wa sentimita 141 kutoka ncha hadi ncha, na kwa mama mwenye mwili fundo halitafika. Mkitumia upana wote wa kitambaa cha sentimita 115 mnapata kama sentimita 162, na hapo wengi wanaenea. Kwa baba na kwa mama mnene, shoneni kipande kirefu cha kuzungushwa mara mbili. Ukingo wa juu unatakiwa ukae chini kidogo ya sikio la mtoto na kukaza juu ya kifua chake, huku tumbo likibaki huru ili apumue. Kwa hiyo pindo liwe jembamba na lililolala, bila uzi mnene wala urembo wa kudarizi kwenye ukingo unaogusa shavu. Kabla ya kupeleka hata kimoja, jazeni maji chupa ya lita moja na nusu, ambayo ni uzito uleule wa mtoto tunayemzungumzia, mmoja wenu aifunge kifuani, atembee, aketi, ainame kuokota ufunguo. Ikiteleza, kitambaa hakijafaa. Majaribio hayo ni ya mshono peke yake. Namna ya kumfunga mtoto hufundishwa na muuguzi, na msiingie katika nafasi yake.

Mtu atasema, mama wa Kiafrika hahitaji kushonewa kitambaa, ana kanga zake, au leso kama wanavyosema Kenya. Hoja hiyo ina ukweli mwingi. Kanga ya pamba ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja, na ikishafuliwa ile gundi ya dukani ikatoka, inamfunga mtoto vizuri sana. Kama kikundi chenu kina fedha kidogo, kununua doti za pamba, kuzikata, kuzipiga pindo na kuzifua ni kazi halali kabisa, na pengine mama ataipenda kuliko kitambaa cheupe cha hospitali. Upungufu wa mama uko kwenye idadi. Kanga hiyohiyo anajifunga, anajitanda, anatandika, anajifutia. Mtoto anapata zamu yake. Wapeni vitambaa vitatu kwa kila mtoto, kimoja kifuani, kimoja kwenye kamba, kimoja kikavu kando ya kitanda, na hapo suala la kufua halitamtoa tena mtoto kifuani.

Gauni linahitaji fundi mwenye mkono uliotulia. Lifunguke mbele kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno, lipishane sentimita 20 hivi, na lifungwe kwa kamba za kitambaa pembeni. Vifungo na zipu viacheni, kwa kuwa vitamkandamiza mtoto aliyelala juu yake saa nzima. Mikono iwe mipana, ipandishike mpaka juu ya kiwiko, maana mama huyu anapimwa shinikizo la damu na pengine ana dripu. Aliyefanyiwa upasuaji asiwekewe mshipi wala lastiki tumboni. Kitenge cha yadi sita kinatoa magauni mawili yanayofika chini ya magoti, na vipande vya pembeni vinatosha kamba. Chagueni rangi ambazo mama angevaa kwa hiari mbele ya mkwe wake. Hili si pambo: gauni linalomfanya ajione mgonjwa fukara atalivua wageni wakija, na saa zitapotea palepale tulipotaka kuziokoa.

Kuhusu nepi nitasema machache. Mraba wa sentimita 60 uliozoeleka ni mkubwa mno. Anzeni na sentimita 40, mkunje pembetatu, mweke kamba ndogo badala ya pini, na mhakikishe inaishia chini ya kitovu. Pelekeni tano za majaribio kabla ya kushona hamsini. Kofia nazo zina mahali pake, hasa dakika za mwanzo baada ya kuzaliwa, wakati wa kupimwa uzito na wakati wa kuhamishwa, na wauguzi bado huwavalisha watoto kofia, soksi na nepi wakiwa kifuani; kwa hiyo simshauri mtu aache kuzishona, namshauri azishone kwa kipimo. Kichwa cha mtoto wa kilo moja kina mzingo wa sentimita 25 hivi, cha kilo moja na nusu 28 hivi, na cha aliyetimiza miezi yake kati ya 33 na 36. Kofia kubwa humshukia mtoto usoni akiwa amelala, jambo la hatari. Tumieni fulana laini ya pamba, bila shada, utepe wala kishikizo. Fulana za mitumba zilizo salama zinafaa vizuri, kwa kuwa zimeshafuliwa mara nyingi na hazitaruka tena.

Kitambaa chenyewe kisijadiliwe kwa bei tu. Vitenge vingi sokoni leo si vya pamba ingawa vinafanana, na muuzaji mwenyewe pengine hajui. Chomoeni nyuzi mbili tatu mzichome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba hunyonya unyevu na hustahimili kuchemshwa. Uzi wa kushonea, kinyume chake, uwe wa poliesta, kwa sababu nguo za wodi hulowekwa kwenye dawa ya klorini, na uzi wa pamba hudhoofika mapema humo. Klorini hiyohiyo huua lastiki na vitambaa vya kuvutika, ndiyo maana nasisitiza kamba. Fueni na mkaushe kila jora kabla ya kulikata ili liruke kabla halijawa nguo. Kila mshono upigwe mara mbili, na jina la wodi liandikwe upande wa nje, mbali na ngozi ya mtoto, ili nguo isipotee kwenye dobi.

Kisha kuna jambo ambalo vikundi vingi havijaambiwa. Nguo zilizomalizika msizihifadhi na vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Katika maeneo yetu ya malaria wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao mvuke wa nafthalini uliokolea kwenye nguo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali. Mtoto mchanga hawezi kuhimili hilo. Pwani tumezoea pia kufukiza nguo za mzazi kwa udi na kuzitia manukato. Desturi ni nzuri, lakini nguo za wodi hii ziende zikinukia sabuni ya kawaida na jua. Zikishakauka zipigeni pasi ya moto, mzifunge katika mifuko safi, kila mfuko vitu vya mtoto mmoja.

Yote haya yanatanguliwa na mazungumzo. Kabla ya kukata chochote, andikeni barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, mwombe kukutana na muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga. Muulizeni ana vitanda vingapi vya akina mama wa kangaroo, nguo zinafuliwa wapi na kwa dawa gani, nini kinapungua usiku, na kama huduma hiyo ipo kweli au ipo kwa jina. Kama hakuna kitanda wala kiti cha mama, vitambaa vyenu vitakaa kabatini. Hapo kazi inayofaa zaidi inaweza kuwa mapazia ya kumsitiri mama, au foronya na mito ya kumwegemeza, kwa sababu anayembeba mtoto hulala ameinuka kidogo. Muuguzi akiwaambia wanahitaji kofia na si kingine, mwaminini kuliko mwongozo huu. Yeye ndiye anayeiona saa ya tisa ya usiku.

Hoja nzito kuliko zote ni ya fedha: kwa nini msiuze mnachoshona sokoni, kisha muipe hospitali fedha? Kwa mashuka ya kawaida huenda hesabu hiyo ikawa sahihi, na kikundi chenye busara kiifanye bila kuona haya. Lakini nepi ya sentimita 40 haiko dukani, wala gauni la mkono mpana lisilo na kifungo, wala kitambaa cha kifua cha baba. Tena duka halirudi kurekebisha. Kikundi cha mtaani kinaishi umbali wa daladala moja na wodi, na huo ndio ubora wake ambao msaada wa kontena hauwezi kuufikia. Wapo pia watakaosema kwamba wanachama wapya watakata tamaa wakinyimwa kofia. Wapeni kamba na pindo: gauni moja lina kamba nne, kitambaa kimoja kina pindo la zaidi ya mita nne, na hakuna shule bora ya mshono ulionyooka kuliko hiyo.

Anzeni na vitanda vitano tu, kila kimoja vitambaa vitatu, magauni mawili na nepi kumi. Katika daftari la kikundi msiandike vilivyotolewa peke yake; andikeni vilivyorudi kutoka kufuliwa, vilivyochanika na vilivyopotea. Kila mwisho wa mwezi, kwa siku mtakayopewa na wodi, wawili wenu waende na mkasi, uzi na cherehani ya mkono, wakae chumba cha nguo, wakaze kamba zilizolegea na kupiga pindo upya. Kitambaa kilichochakaa baada ya miezi mitatu shoneni kingine kama hicho, mara mbili ya idadi. Kilichobaki kabatini na mikunjo yake ya pasi, kipelekeni kwa muuguzi wa zamu mkamuulize akina mama wanakikwepea nini, na jibu lake likatieni kitambaa cha mwezi unaofuata.